Spindo Kubwa Haitakuokoa

Wasee, wacha niseme hii kitu mapema ili wenye kukasirika waanze mapema. Hii tabia ya kila mtu aliyejiundia mashine ya CNC nyumbani kukimbilia spindo ya kilowati 2.2 ndiyo inaua mashine zetu, na inaua vibiashara vyetu kabla havijasimama. Na wanaoieneza ni sisi watu wa video. Spindo mpya inapendeza kwenye kamera. Inang'aa, inalia kama ndege ikipaa, ukiifungua kwenye boksi watu wanapiga makofi. Nani atakaa dakika kumi na mbili akitazama kijana akipima pembe za fremu yake? Hakuna. Kwa hivyo pembe hazipimwi, na spindo inanunuliwa kwa mkopo wa simu.

Najua wale watasema, "Wewe si uliacha chuo, utatufunza nini?" Niliacha, ndio. Hesabu zote nitakazoweka hapa ni za kidato cha pili. Chukueni kalkuleta mzikague, mkipata kosa njooni na kosa, msije na cheti.

Kwa mgeni: ruta ya CNC ni mashine ya kukata na kuchonga mbao inayoendeshwa na kompyuta. Kuna daraja linalotembea mbele na nyuma, kuna kichwa kinachotembea kushoto na kulia juu ya hilo daraja, na kuna biti inayoshuka kula mbao. Nyingi za hapa kwetu zina bodi ya Arduino Uno iliyowekwa GRBL, ile programu ya bure iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka wa 2009, stepa tatu au nne, na ruta ya mkono imefungwa pale mbele. Si mashine ya kuchekwa. Inaweza kukata milango ya kabati za jikoni, vibao vya majina, vichwa vya vitanda, vitu ambavyo watu wananunua kila siku kuanzia Gikomba hadi Ngong Road. Inaweza kulisha mtu na kulipa kodi. Ndio maana nakasirika.

Sasa fikiria biti inapokula mahogani. Ile nguvu inayosukuma mbao, mbao nayo inairudisha. Inapanda kwenye koleti, inaingia kwenye kichwa, inaenda kwenye reli, inafika kwenye daraja, inaishia kwenye fremu. Popote palipo legevu katika hiyo njia, hapo ndipo mashine inapinda. Na ukipachika spindo ya kilo tano mahali palipokuwa na karuta ka kilo moja na nusu, umeongeza nguvu ya kukata na umeongeza mzigo unaoning'inia, kwa fremu ile ile iliyokuwa ikitetemeka jana. Umemwekea mzee wa miaka themanini mfuko wa simiti mgongoni ukisema umemwongezea nguvu.

Tuweke namba. Reli ya duara iliyoshikwa miisho miwili tu, katikati hewani, kupinda kwake kunaenda na urefu mara tatu, yaani urefu mara urefu mara urefu. Ukipunguza upana wa mashine kutoka milimita 1,200 hadi 900, kupinda kunashuka kwa zaidi ya nusu. Hujanunua chochote hapo, umekata tu. Na unene wa reli unaenda mara nne: ukitoka reli ya milimita 12 hadi ya milimita 20, ugumu unapanda karibu mara nane. Mara nane, buda. Hakuna spindo duniani itakupa mara nane ya chochote. Na bora zaidi ya hiyo ni reli inayoshikiliwa urefu wake wote, kama zile SBR za duara zenye msingi wa alumini chini, au zile bapa za HGR kama una pesa.

Kabla hujaniambia mashine yako ni ngumu, ipime. Tafuta geji ya saa, ile yenye uso kama saa ambayo mshale wake unahesabu mia ya milimita. Washa mashine stepa zishikilie (kwenye GRBL weka $1=255 zisilale). Funga mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mzigo, kwenye koleti, uvute kilo tano, huku geji ikigusa koleti upande wa pili. Soma. Kisha hamisha geji uguse bamba la kichwa, vuta tena. Hamisha uguse daraja, vuta tena. Palipo na ruko kubwa kati ya kipimo na kipimo, ugonjwa uko hapo. Nimeshika mashine ambayo kwa kilo tano koleti ilisogea nusu milimita, na karibu yote ilitoka kwa bamba moja la plaiwudi lililoshikilia kichwa. Mwenyewe alikuwa ananiuliza anunue spindo ya kupoeshwa kwa maji ama kwa hewa.

Na hapa kuna kitu kinaniuma zaidi. Tunanakili fremu za watu wa Ulaya na Marekani bila kufikiria. Wao wanajenga na vipande vya alumini vyenye mifereji kwa sababu madukani kwao vinauzwa kwa mita na wengi wao hawana mtu wa kuchomea. Sisi tunaagiza vipande hivyo hivyo kutoka mbali, tunangoja wiki, tunalipa ushuru, na huku Kamukunji na Kariobangi kumejaa mafundi ambao wangekuchomea fremu ya skwea tyubu kabla chai haijapoa. Chuma ni kigumu karibu mara tatu ya alumini, kipande kwa kipande cha ukubwa ule ule. Wengine wanajenga fremu nzima na MDF, halafu mvua za Aprili zikija ubao unavuta unyevu, unavimba, na mashine iliyokuwa sawa Februari inakata mshazari. Eti fremu ya chuma ni ya kijua kali. Wacha iwe ya kijua kali!

Nitakubali jambo moja: chuma kikichomwa kinajikunja. Joto linavuta tyubu upande mmoja, na ukifunga reli juu ya tyubu iliyojikunja, reli nayo inafuata. Lakini hiyo ina dawa. Mwambie fundi asichome mstari mmoja mrefu, achome kidogo hapa, aruke upande ule, kipoe, arudi. Kisha chini ya reli mwaga epoksi nyepesi inayokauka polepole, uizungushie ukuta wa selotepu, iachie ijisawazishe yenyewe kama maji. Kama huna pesa ya epoksi, kata mkebe wa soda. Ukuta wa mkebe una unene wa takriban moja ya kumi ya milimita. Weka vipande chini ya reli palipo chini, kaza bolti, pima tena na geji. Ni kazi ya mchana mzima na inachosha, lakini inafanya kazi.

Tukiachana na ugumu, kuna pembe. Hii ndiyo imeangusha wengi na hawajui.

Kuna jamaa wa huku Eastlands, simtaji, alipata oda ya milango ya kabati kwa nyumba moja mpya. Oda ya kwanza kubwa maishani mwake. Mashine yake ilikuwa na spindo mpya, rangi mpya, hata taa za buluu. Milango ikakatwa safi, kingo laini. Walipoifunga ukutani, nafasi kati ya mlango na mlango ikawa nyembamba chini na pana juu, kama kabari. Kila mlango. Mteja akarudisha yote na akatafuta mtu mwingine. Mbao zilikuwa zimelipiwa na deni, na deni halikurudishwa na mbao.

Twende kwa hesabu yake. Biti nyembamba itoboe vitundu vinne kwenye ubao, pembe za mstatili wa milimita 600 kwa 800. Kama mashine iko sawa, ulalo wa kona hadi kona ni 1,000 kamili, pande zote mbili. Wake ulikuwa 1,003 upande mmoja na 997 upande mwingine. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini inamaanisha daraja limekaa mshazari, na kwa mlango wa urefu wa milimita 600, kona inakosea karibu milimita 4. Mteja wa kabati anaiona milimita 4 akiwa mlangoni.

Sababu? Daraja lake lina stepa mbili, moja kila upande. Umeme ukizimwa, stepa zinalegea, daraja linajipinda kidogo, na ukiwasha zinashika hapo hapo zilipo. Dawa yake ilikuwa bolti mbili. Mbili tu. Unafunga vizuizi viwili nyuma ya mashine, kila upande kimoja, kimoja kikiwa na bolti ya kurekebisha. Kabla ya kuwasha, unasukuma daraja hadi ligonge vizuizi vyote viwili, halafu unawasha likiwa limebanwa hapo. Unatoboa vitundu vinne, unapima ulalo, unageuza bolti robo mzunguko, unarudia hadi namba mbili zilingane. Bei ya bolti hizo haifiki bei ya chapati na maharagwe. Niambieni ni mwalimu gani wa mtandaoni alimwambia hivyo kabla hajamwambia anunue spindo.

Kuna dhambi nyingine inaitwa "kukalibreti". Mtu anaambia mashine isonge milimita 50, anapima na tepu ya fundi wa nguo, anaona 49.5, anakimbia kwenye GRBL kubadilisha namba ya hatua. Manze, hapana. Stepa ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Ukiweka draiva igawe hatua kwa 8, unapata 1,600. Kama skrubu yako ya T8 inasogeza milimita 8 kwa mzunguko, basi ni hatua 200 kwa milimita. Kama ni skrubu ya mipira ya 1605, inayosogeza milimita 5, ni hatua 320. Kama ni mkanda wa GT2 na puli ya meno 20, mzunguko mmoja ni milimita 40, basi ni hatua 40. Namba ya skrubu imetoka kiwandani, haibadiliki kwa sababu tepu yako imenyooka vibaya. Ukikosa nusu milimita kwa milimita 50 kwenye skrubu, mara nyingi hiyo ni nati inayochezacheza. Iangalie hivi: songa milimita 10 mbele, weka geji kwa sifuri, songa 10 zaidi mbele, rudi 10. Geji isiporudi sifuri, ile tofauti ni ulegevu wa nati. Nunua nati yenye springi, ni ya bei ndogo. Ukibadilisha namba ya hatua kuficha ulegevu, umeifanya mashine iwe na uongo mbili, wa kwenda na wa kurudi, na hutawahi kuupata tena. Wenye mikanda pekee ndio wana ruhusa ya kurekebisha namba kidogo, kwa sababu mkanda unavutika, na hata wao wapime umbali mrefu iwezekanavyo, wakikaribia kutoka upande mmoja kila mara.

Spindo kusimama wima nitaipitia haraka. Ukisawazisha ubao wa chini na ukapitisha kidole ukasikia ngazi ndogo ndogo, spindo imeinama. Funga geji kwenye koleti kwa waya mgumu, zungusha kwa mkono, rekebisha. Usipofanya hivyo utamlipa kijana wa msasa kila kazi, maisha yako yote.

Sasa mwendo. Watu wanaona moshi, wanaona mbao imeungua nyeusi, wanasema, "Spindo yangu haina nguvu." Chukua kalkuleta. Spindo inazunguka mara 18,000 kwa dakika, biti ina meno mawili, na wewe umeiambia isonge milimita 600 kwa dakika kwa sababu unaogopa. Gawanya: kila jino linakula milimita 0.017. Hiyo si kukata, hiyo ni kusugua. Jino linasugua, linapata joto, linakuwa butu, linachoma. Ukitaka kila jino lile hata milimita 0.1, kwa kasi hiyo ya kuzunguka unahitaji mwendo wa 3,600 kwa dakika. Mashine yako haiwezi? Sawa. Basi shusha mzunguko hadi 10,000, tumia biti ya jino moja, na kwa milimita 600 kwa dakika kila jino linakula 0.06. Moshi unakwisha, maranda yanaanza kutoka kama maranda badala ya unga. Kwa hivyo mwenye moshi mara nyingi ana nguvu ya kutosha na mzunguko mwingi kupita kiasi, na anaenda kununua kitu kinachozunguka mara 24,000. Kama ruta yako haina kidude cha kupunguza kasi, hapo basi tafuta yenye nacho.

Sisemi msinunue kitu. Nina orodha yangu ya vitu vya kununua, na haipendezi kwenye kamera hata kidogo. Draiva kwanza. Zile ndogo za A4988 zinazokaa juu ya Arduino zinatoa kama ampea moja bila kupoeshwa, mbili mkijitahidi sana, na nyinyi mnazifunga kwa stepa za NEMA 23 zinazotaka karibu ampea tatu. Stepa inanyimwa chakula, inaruka hatua, na mashine haijui kama imeruka kwa sababu haina jicho la kuona ilipo. Inaendelea kuchonga jina la marehemu likiwa limehama sentimita moja. Draiva kama DM542 inafika ampea 4.2, na inakubali volti 36 bila shida, na volti zaidi zinasaidia stepa isipoteze nguvu ikienda kasi. Huku ukingoja pesa ya draiva, shusha $120 na $121, ile kasi ya kuongeza kasi, uone kama kuruka kutapungua. Ni bure.

Halafu swichi za mwisho. Hizi kwa Kenya ningezifanya lazima kama breki za matatu. Umeme unapotea kazi ikiwa katikati, na ukirudi mashine haijui iko wapi. Ukiwa na swichi tatu ndogo, unaiambia irudi nyumbani, inagusa swichi, na kwa sababu GRBL inahifadhi ule mwanzo wa kazi wa G54 hata umeme ukizima, unaanza tena karibu pale pale. Bila swichi unatupa mbao nzima ya mahogani. Nani kati yetu ana mahogani ya kutupa? Mkizifunga tumieni waya zenye koti la chuma, koti hilo liende ardhini upande mmoja tu, la sivyo kelele ya umeme itawadanganya kuwa swichi imeguswa na kazi itasimama bila sababu.

Na kwa wale tayari wana spindo kwenye boksi, sitawatukana zaidi. Spindo nzuri ina faida zake: haipigi kelele kama ruta ya mkono, beringi zake zinadumu, koleti za ER zinashika biti katikati vizuri. Ukiwa na fremu iliyopimwa, hata ya wati 800 itakufanyia kazi nyingi sana ya mbao. Lakini soma inverta kabla ya kuwasha. Spindo hizi za mzunguko 24,000 ni za hezi 400, na inverta nyingine zinakuja zimesetiwa motor ya hezi 50. Ukiiwasha hivyo inapata umeme ambao haikujengewa, inaungua, na utarudi kusema ilikuwa feki. Na ukizima inverta usiifungue hapo hapo, ndani imeshika umeme kwa dakika kadhaa. Na vaeni barakoa mkikata MDF, ule unga si wa kupumua.

Wanaotengeneza video kama mimi, nawaomba kitu kimoja kidogo. Mkionyesha mashine mpya, onyesheni na vile vitundu vinne, tepu ikiwa juu yake, tusome namba pamoja. Na wewe unayetaka kuniuliza spindo gani nzuri, nitumie kwanza namba mbili za ulalo wako, na geji yako inasema nini kwa kilo tano. Ukishanitumia hizo tutaongea spindo hadi usiku.